Tone Lisilouma

Daktari wa macho hakuketi. Alisimama upande wa pili wa meza, mikono ndani ya mifuko ya koti lake jeupe, akivitazama vichupa ambavyo Inspekta alikuwa amevipanga mbele yake. Kila kichupa kilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki uliopigwa lakiri ya polisi.

"Chenye kifuniko cheupe ni cha kuua vijidudu," alisema. "Cha waridi ni cha kuuzuia mwili usikikatae kioo cha jicho tulichompandikizia. Na hiki cha kijani ni machozi ya chupa tu. Hakitibu kitu. Kinalainisha jicho, ili nyuzi za mshono zisimkwaruze mgonjwa kila anapopepesa."

"Na kipi kati ya hivi kilichomharibu?"

"Ningekuwa najua, Inspekta, yule mama wa duka la dawa aliyeviuza asingekuwa amelala selo kwenu."

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi, mwenye tabia ya kukiacha kimya kirefuke mpaka mwenziwe akione kizito. Konstebo wake, mtu mnene na mwepesi wa maneno, alishaizoea tabia hiyo. Alijipa kazi ya kusoma bango la herufi lililobandikwa ukutani, akakwama mistari ya chini.

"Mgonjwa wangu alikuwa msusi," Daktari akasema hatimaye. "Ugonjwa wa utotoni ulimwachia ukungu macho yote mawili. La kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia tulimwekea konea, kile kioo cha mbele cha jicho, ya mtu aliyefariki. Siku namfungua bandeji alinitazama akasema, 'Kumbe daktari mwenyewe kijana hivi!' Halafu akamgeukia baba yake. Akamwangalia weee, mwisho akasema, 'Baba, umezeeka.' Mzee akacheka mpaka akalia."

"Ndiye baba aliyekuja kwetu kulalamika."

"Ndiye. Fundi wa kuchomelea vyuma. Amemlea peke yake tangu mama mtu afariki."

"Binti alikuwa anaumwa baada ya upasuaji?"

"Mwanzoni sana. Ngozi ya juu ya konea inakuwa haijafunga, nyuzi zinachoma. Nilimwambia avumilie, yale ni maumivu ya kupona." Daktari alitoa mkono mfukoni, akakigusa kile kichupa cha kijani juu ya plastiki. "Halafu akaja siku ya ukaguzi anatabasamu. Haumwi popote. Nikafurahi mpaka nilipoliweka jicho kwenye taa. Kidonda kilikuwa kimekula nusu ya kioo, pembeni kimejizungushia pete nyeupe. Jicho lile lilipaswa kumliza mtu hadi majirani wakeshe. Yeye anatabasamu."

"Kitu gani kinafanya hivyo?"

"Ganzi. Dawa ya ganzi ya matone. Hapa tunatia tone moja kabla ya kupima, na mgonjwa haondoki nayo hata akipiga magoti. Ukiitia kila siku, jicho linaacha kujiponya. Nilimwuliza binti kama ametia kitu kingine, akasema hapana. Nikamwuliza na baba yake. Mzee akaniambia jicho la mwanawe halijaona zaidi ya chupa tatu nilizoandika mimi. Ndipo nikasema labda mojawapo ni bandia." Akashusha pumzi. "Nilisema 'labda', Inspekta. Mzee alipofika polisi, ile 'labda' alikuwa ameshaiacha njiani."

Kweli aliiacha. Kabla ya adhuhuri ya siku ile watu walikuwa wamevunja vioo vya duka la dawa, na mwenye duka alibebwa na gari la polisi, nusu kwa kuhojiwa na nusu kwa kuokolewa na mawe.

"Taa yako ya kukagulia macho," Inspekta alisema, "inaweza kukagua chupa?"

Alivaa glavu, akakata lakiri, akakiegemeza kichupa cha kijani mahali ambapo wagonjwa huweka kidevu. Daktari akasogeza taa, akampisha. Inspekta aliinama kwenye lenzi. Shingo ya kichupa ilikuja karibu, kubwa kama nguzo. Pale kidude cha kudondoshea kilipochomekwa palikuwa na vijishimo vidogo, safu moja huku na nyingine ikiielekea ng'ambo. Kwenye mfereji chini yake kulikuwa na chembe nyeusi zinazometameta.

"Meno ya plaizi," alisema. "Kidude hiki kiling'olewa, kikarudishwa. Na aliyeking'oa ana vumbi la chuma mikononi."

*

Mama wa duka la dawa aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa na nguo alizokamatwa nazo. Nywele zake zilisukwa zamani. Misuko ilikuwa imefumuka mizizini ikasimama kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa.

"Kiti cha msusi kilikuwa barazani kwako," Inspekta alianza.

"Kipo mpaka leo."

"Mkagombana."

"Tuligombana, ndiyo. Nywele zinapeperuka zinaingia dukani, wateja wananung'unika. Nikamwambia asogee upande wa pili. Akanijibu, nami nikamjibu, ulimi hauna mfupa. Kesho yake akanisuka." Alijishika kichwa. "Hizi ni za mkono wake, afande. Ona zilivyo. Tangu apasuliwe sijaenda kwa mwingine. Nilisema nitamsubiri apone."

"Dukani kwako kuna plaizi?"

"Plaizi? Mimi nauza dawa, siuzi misumari. Nina mkasi na kucha zangu." Mara akaegemea mbele. "Nipe hicho kichupa. Nijitilie mwenyewe, hapa, mbele yako."

"Hutajitilia."

"Kwa nini? Ninyi mnasema sumu, mimi nasema si sumu. Macho ni yangu."

"Ndiyo maana hutajitilia."

Mama aliegemea tena kiti chake. Machozi yalimshuka, hakuyafuta. "Kioo cha mbele cha duka alikiweka marehemu mume wangu," alisema.

Konstebo alichungulia mlangoni. Simu ilikuwa imekuja kutoka kwa mkemia aliyepelekewa vichupa avipime. Inspekta akatoka kwenda kuipokea, akasikiliza amesimama. Kichupa cha kijani kilichotoka nyumbani kwa mgonjwa kilikuwa na machozi ya chupa yaliyochanganywa na dawa ya ganzi. Kile ambacho Inspekta mwenyewe alikichukua kwenye rafu ya duka, cha mzigo uleule, kilikuwa safi, lakiri yake haijaguswa.

"Kwa hiyo ganzi iliingia baada ya chupa kutoka dukani," Konstebo alisema wakishuka ngazi. "Na kule nyumbani kuna mtu mmoja tu mwenye plaizi."

"Ndiyo."

"Naye ndiye mlalamikaji."

"Ndiyo."

"Afande, mimi nikiumwa jino hukiri hata dhambi ambazo sijatenda, lakini sijawahi kwenda polisi kujishtaki kwa jina la mtu mwingine. Tunaanzia wapi?"

"Kwenye karakana yake. Akiwa hayupo."

*

Karakana ilikuwa uwanja ulioezekwa mabati nusu, umejaa mageti yasiyo na nyumba na vitanda visivyo na magodoro. Fundi mmoja aliweka chini mashine yake alipoona sare ya Konstebo. Macho yalikuwa mekundu kama yaliyooshwa kwa pilipili, na miwani yake ya kukinga mwanga ilining'inia shingoni, kioo kimoja kimepasuka.

"Mzee Cheche hayupo," alisema. "Yuko na binti yake tangu lile balaa. Tumemchangia kidogo, tumeenda kumpa pole. Kazi haina raha bila yeye."

"Macho hayo yanakuuma?" Inspekta aliuliza.

Fundi akacheka. "Huu mwanga ukikupiga, usiku unahisi umemwagiwa mchanga ndani ya kope. Zamani tulikuwa tunalala na vipande vya viazi machoni. Siku hizi tuna maji ya amani."

"Maji gani?"

"Ya amani. Matone. Kuna mchuuzi hupita hapa nayo mkobani. Unatia tone moja, dakika hiyohiyo unakuwa kama si wewe uliyekuwa unaumwa."

"Nani anayatumia?"

"Sote. Aliyetufundisha ni Mzee Cheche mwenyewe. Yeye ameyatumia tangu mimi sijajua kushika nyundo."

Kalamu ya Inspekta ilisimama. Fundi aliona, akatazama uso wake, kisha wa Konstebo, na kicheko kikamwisha taratibu.

Garini Konstebo alipunguza mwendo.

"Afande," alisema, "hatuwezi kufunika kombe? Tuandike ushahidi hautoshi. Mama atatoka. Mzee hatajua. Adhabu ya kujua ni kubwa kuliko kosa."

"Watu walivunja vioo vya duka wakiamini yule mama ndiye aliyemtia msusi upofu. 'Ushahidi hautoshi' itamrudishia mteja gani?" Inspekta alitazama mbele. "Na mchuuzi mwenye mkoba bado anapita. Kata hapo kushoto."

*

Nyumba ilikuwa vyumba viwili na kibaraza. Nondo za dirisha zilichomelewa kwa mapambo ya maua, kazi ya mtu asiyekuwa na haraka. Msusi alikuwa ameketi sebuleni, chini ya dirisha hilo, jicho la kulia limefunikwa kwa pamba na plasta, akichambua mafungu ya nywele za bandia kwa vidole, marefu huku, mafupi kule.

"Karibuni," alisema kabla hawajabisha hodi. "Hivyo si viatu vya majirani. Baba ametoka kununua mkate."

Inspekta alivuta kigoda akaketi karibu. Konstebo alibaki uani.

"Jirani yako bado yuko ndani."

Vidole vikasimama. "Mtamtoa lini?"

"Nimekuja kukuuliza wewe, mdogo wangu. Ile dawa ya kijani, siku za mwanzo ilikuwaje?"

"Baridi. Inatuliza kidogo, maumivu yanarudi."

"Na baadaye?"

Msusi aliokota fungu moja, akalilaza pajani, akalinyoosha.

"Baadaye ikawa inashuka kooni," binti alisema. "Chungu. Koo linakufa ganzi, nameza mate siyasikii."

"Ulijua ni nini."

"Nimekulia na dawa ile, dada. Mimi ndiye niliyekuwa namtilia baba akirudi kazini. Tone likimkosea likaangukia mdomoni, hutema na kulaani mpaka mama anacheka. Nilijua tangu mara ya kwanza."

"Hukusema."

"Nililala." Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Wewe hujashonwa jicho. Nilikuwa nalia mpaka baba anatoka nje ili nisimsikie na yeye analia. Alipotia ile, nikalala. Naye nikamsikia anakoroma, mara ya kwanza tangu tutoke hospitali. Nikasema acha iwe siku chache tu, halafu nitamwambia aache."

"Na daktari alipokuuliza?"

"Baba alikuwa amesimama hapo, amenishika mkono. Ningesema nini? Kwamba aliyenizima jicho ni huyu?"

"Na jirani yako alipokamatwa?"

Msusi aligeuza uso dirishani, ingawa hakukuwa na cha kuona. "Jirani atatoka, kwa sababu hana kosa. Baba hatatoka, dada. Hata mkimwacha nje, hatatoka."

Geti la uani lililia. Konstebo alisikika akiamkia, "Shikamoo, mzee," na sauti nzito ikaitikia, "Marahaba."

"Mwambie ni vijidudu," binti alinong'ona, akiutafuta mkono wa Inspekta hewani mpaka akaupata. "Mwambie vijidudu vilikuja vyenyewe. Tafadhali."

"Siwezi, mdogo wangu."

Mzee Cheche aliingia na mkate kwapani. Alikuwa mrefu, ameinama mabega, mikono yake imejaa madoa ya moto wa miaka mingi. Alipomwona Inspekta uso wake uliamka.

"Mwanangu, mmefikia wapi? Amekiri yule mama?"

"Mzee," Inspekta alisema akisimama, "maji ya amani unayo?"

Hakusita hata kidogo. Alitia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kichupa kisicho na karatasi ya jina, akamnyooshea. "Ninayo. Macho yanakusumbua? Chukua, tia, usiogope."

Inspekta alikipokea, akakishika kiganjani. "Uliwahi kumtilia binti yako?"

Mzee alimtazama binti. Binti alikuwa ameinamisha kichwa.

"Hii si dawa ya kutibu," mzee alisema. "Ya kutibu ni zile za daktari, na sikuruka hata moja. Hii inaondoa maumivu, basi. Alikuwa anaumwa, mwanangu. Alikuwa anaumwa mno."

"Kwa nini uliitia ndani ya chupa ya kijani?"

"Angeikataa. Daktari alimwambia asipokee chupa ya nne."

"Na daktari alipokuuliza?"

"Nilisema chupa tatu. Zilikuwa tatu." Alilisema hilo haraka, kama neno alilokwisha kulirudia peke yake mara nyingi. "Sikusema uongo."

Inspekta alizungumza polepole, bila kupandisha sauti. "Mzee, jicho likiumwa linauita mwili uje kulitengeneza. Dawa hii inaliziba mdomo. Ngozi haifungi, kidonda kinakula chini kwa chini, na mwenye jicho hana habari. Dawa ya dukani ilikuwa salama. Mkemia ameipima. Kilicholiua jicho ni hiki."

"Mimi nimejitia miaka yote."

"Na mimi nakuomba ukapimwe."

Mkate ulikuwa bado kwapani. Mzee aliutoa, akatafuta pa kuuweka, asipaone, akaushika tena. Hakumwuliza Inspekta. Alimwuliza binti yake.

"Ni mimi, mama?"

Alimwita mama, kama akina baba wamwitavyo binti aliyerithi jina la bibi yake. Msusi alinyoosha mikono yote miwili akaikuta suruali ya baba yake, akaishika magotini.

"Ni sisi, baba," alisema. "Nilijua. Nikanyamaza, kwa kuwa iliniweka usingizini. Tulikuwa wawili."

Mzee hakulia. Alisimama pale, kinywa wazi kidogo, macho mekundu yakipepesa kwa nguvu. Konstebo, mlangoni, aligeuka akaanza kutazama ukuta wa jirani.

"Yule mama," mzee alisema mwishowe, "yuko selo kwa kauli yangu."

"Ndiyo."

"Basi twende."

*

Kituoni aliomba aandikiwe, kwa kuwa hakuiona mistari ya karatasi vizuri. Inspekta aliandika, kisha akamsomea. Mzee alisikiliza ameweka mikono juu ya meza, mpaka alipofika katikati.

"Futa hapo."

"Wapi?"

"Uliposema 'kwa nia ya kumtuliza'. Andika nilimtilia. Ishia hapo."

"Ndivyo ulivyoniambia, mzee. Na maneno hayo yatakusaidia mbele ya mwendesha mashtaka."

"Ndiyo maana nasema uyafute."

Inspekta hakuyafuta. Alimpa kidau cha wino, mzee akaweka dole gumba. Alieleza mahali mchuuzi anapopita na sura yake ilivyo, na Konstebo akaondoka na askari wawili, safari hii bila utani wowote.

Mama wa duka la dawa alitolewa, akarudishiwa mkoba na viatu. Alimkuta mzee amesimama kwenye korido, kofia mkononi. Mzee alifungua kinywa, lakini yeye akainua kiganja.

"Leo sina neno la kukwambia, mzee wangu. Niache nifike nyumbani." Alipita. Mlangoni akasimama bila kugeuka. "Amebaki na nani?"

"Yuko peke yake."

Akatikisa kichwa, akashuka ngazi akijishika ukutani.

Daktari alikuwa ametuma vichupa vipya, vyenye lakiri zake. Kioo cha jicho kilikuwa kimekwisha, alisema kwenye simu, na kupata kingine ni kusubiri foleni ndefu, tena bila ahadi. Lakini jicho lenyewe lilipaswa kulindwa, na matone yasisimame. Jua lilikuwa linazama Inspekta alipomrudisha mzee nyumbani. Alimwachia kwa dhamana, akamwambia siku ya kuripoti, na mzee akaitikia kila neno "Ndiyo, afande." Neno "mwanangu" hakulitumia tena.

Msusi alikuwa palepale chini ya dirisha. Inspekta akaweka vichupa mezani, akavitaja kimoja kimoja.

"Nitamwita jirani yeyote aje atie," mzee alisema. "Au wewe, afande, kabla hujaenda."

"Hapana," binti alisema. "Baba ndiye anayetia."

"Mama, mikono yangu..."

"Baba ndiye anayetia."

Alibandua plasta mwenyewe, akaegemeza kichwa ukutani, akainua kidevu. Jicho lilikuwa jeupe kama maziwa, limezungukwa na wekundu. Mzee alinawa mikono kwenye beseni, akanawa tena, akaikausha kwa kitambaa safi, akanawa mara nyingine. Alipiga goti mbele yake. Alivunja lakiri ya kichupa cheupe. Kidole chake chenye makovu kilivuta kope ya chini, na tone likaning'inia, likaanguka shavuni, likateremka mpaka kwenye kidevu.

Inspekta, mkono kwenye kitasa cha mlango, hakutoka.

"Umekosa, baba," msusi alisema. Hakulifuta lile tone. Aliinua uso wake juu zaidi, akalifungua jicho kwa vidole vyake mwenyewe, akalishikilia wazi.

"Rudia."